Fuvu liache kwanza: navyosoma picha za vitu zenye asili ya baroki

Picha ya kisasa ya vitu mezani iliyorithi baroki, yaani ule mtindo wa sanaa wa Ulaya wa karne ya 17: matunda, glasi, kitambaa kilichojikunja, nyuma giza tupu, na swali la kwanza naloulizwa ni lile lile: hilo limau lina maana gani? Mi nasema liweke pembeni kidogo hilo swali, maana ukianza na orodha ya alama, fuvu ni kifo, mshumaa ni muda, utamaliza picha fasta na utakuwa hujaiona.

Anza na mwanga. Kwa Waholanzi wa karne ya 17 mara nyingi unaingia kutokea kushoto, unakipiga kitu kimoja kwa nguvu na vingine vinaachwa vizame gizani, kwa hiyo mchoraji kashakuambia nani mkubwa hapo mezani kabla hujagusa alama yoyote. Halafu shuka kwenye ukingo wa meza. Mchoraji wa Italia, Caravaggio, kwenye kile kikapu cha matunda cha karibu na mwaka 1599, kipo Milan mpaka leo, alikitokeza kikapu kidogo nje ya ukingo kana kwamba kinakujia wewe, na nyuma yake hamna giza kabisa, ni rangi nyepesi tupu (wanaodhani Caravaggio ni giza tu wakaiangalie tena). Sogea karibu: tufaha lina tundu la mdudu, majani mengine yameshanyauka. Hakuna fuvu, na uozo umeshaanza.

Fuvu lenyewe lipo kwa Waholanzi kina Pieter Claesz, mfano ile picha yake ya 1630 iliyopo Mauritshuis, jumba la makumbusho kule The Hague, fuvu na saa na glasi, yote yakitoka kwenye lile neno la kitabu cha Mhubiri kwenye Biblia, ubatili mtupu. Ila sasa hapa ndo patamu. Wachoraji haohao na wenzao kama Willem Kalf walikuwa wanachora vyombo vya fedha, bakuli za porcelaini za China, malimau yaliyomenywa nusu ganda likining'inia, kwa ustadi mpaka mate yanakutoka, yaani picha inakukanya usipende mali huku inakutamanisha mali. Mi naona huo mvutano ndo baroki yenyewe, giza la nyuma ni nguo tu.

Kwa hiyo kwenye picha ya leo natafuta mvutano huo uko wapi. Chukua meza yenye limau limemenywa, simu imepasuka kioo na mfuko wa plastiki. Mchoraji kaupaka mfuko tabaka juu ya tabaka za rangi ya mafuta iliyo nyembamba, mikunjo inang'aa kama hariri, mwanga wote kaupa huo mfuko na limau kaliacha kivulini. Hapo usikimbilie kusema "mazingira". Mezani kwa Claesz karibu kila chenye uhai kinakwisha na mwenye mali anakwisha nacho, ila kwenye meza hii ya leo kitu cha bei rahisi kuliko vyote ndo kitakachobaki, limau litaoza, simu itapitwa, mfuko upo. Muda umegeuzwa, na aliyeugeuza ni mwanga, wala sio alama.

Kuna picha nyingine zina giza safi, limau safi, halafu kila kitu kimepewa uzito uleule. Hiyo ni mapambo, itapendeza ukutani, mi sina ugomvi nayo ila tusiiite baroki.

Na kitu cha mwisho, angalia vinavyong'aa. Mchoraji Clara Peeters, mwanzoni mwa karne ya 17, alijichora mwenyewe mdogo kabisa ndani ya mng'ao wa vikombe vya metali, sura yake imejirudia mara kadhaa kwenye kikombe kimoja, na wengi wanapita bila kumwona. Wachoraji wa leo waliosoma kazi zake wanajua huo mchezo, so kama kuna simu imezimwa mezani, sogea uangalie kile kioo cheusi vizuri, dirisha lipo? Kuna mtu? Kama yupo, kashika brashi au kashika simu nyingine? Jibu la hapo linabadilisha usomaji wa meza nzima.