Je, Wajua Kwa Nini Waraka Hubadilika Sura Unapofunguliwa kwenye Kompyuta Nyingine?

Tuchukue katibu wa chama cha ushirika cha wafugaji nyuki, tuseme kule Sikonge, aliyeandika taarifa ya mauzo ya asali nyumbani kwa Microsoft Word, akaiweka kwenye flashi na kuipeleka steshenari mjini Tabora ili ichapwe. Nyumbani taarifa ilikuwa ukurasa mmoja kamili: anwani ya chama juu upande wa kulia, kichwa cha habari, jedwali la wanachama na kilo walizoleta, mstari wa jumla, kisha nafasi ya sahihi na mhuri. Kompyuta ya steshenari inatumia LibreOffice, programu nyingine ya kuandikia nyaraka, na faili linapofunguliwa pale, mstari wa jumla umeshukia ukurasa wa pili pamoja na nafasi ya sahihi, na anwani iliyokuwa imenyooka imekuwa ngazi. Hilo si jambo dogo, kwa sababu sahihi na mhuri vikikaa peke yao kwenye karatasi isiyo na maelezo, ofisi yoyote makini ina haki ya kuikataa karatasi hiyo. Hata hivyo, hakuna aliyegusa neno hata moja la taarifa. Ni nini basi kilichoivuruga?

Jibu ni kwamba faili la waraka halihifadhi picha ya ukurasa. Linahifadhi maneno pamoja na maelekezo ya namna ya kuyapanga, na kila programu inayolifungua huuchora ukurasa upya kwa kufuata maelekezo hayo kwa kadiri inavyoyaelewa na kwa vifaa ilivyo navyo, kama mafundi cherehani wawili waliopewa vipimo vilevile lakini vitambaa tofauti. Ukitaka kuyaona maelekezo hayo kwa macho yako, tengeneza nakala ya faili la docx, yaani aina ya faili ambayo Word huhifadhi, badilisha mwisho wa jina lake uwe zip, yaani kifurushi cha mafaili, kisha lifungue. Utakuta folda kadhaa, na ndani ya folda iitwayo word kuna faili la document.xml lenye maneno ya waraka wako, styles.xml lenye mitindo ya aya, na folda ya media yenye picha. Ndani ya document.xml utakutana na maandishi kama w:sz w:val="24", ambayo ni agizo la ukubwa wa herufi. Kipimo kinachotumika hapo ni nusu pointi, kwa hiyo 24 ina maana ya pointi 12. Kurasa hazikuchorwa humo. Pale ukurasa wa kwanza unapoishia huamuliwa na programu wakati wa kufungua.

Kisa cha kwanza cha mvurugiko, na kwa maoni yangu ndicho kinachopaswa kuchunguzwa kabla ya vingine vyote, ni fonti, yaani muundo wa herufi. Kwa kawaida faili hutaja jina la fonti tu, bila kuibeba fonti yenyewe. Tangu toleo la 2007 Word ilianza na Calibri kama fonti yake ya kawaida, hadi Aptos ilipoanza kuchukua nafasi hiyo mwaka 2023. Kompyuta isiyo na Calibri italazimika kuweka fonti nyingine, na Calibri ni nyembamba, hivyo mbadala wake mara nyingi huwa mpana zaidi. Katika jedwali la katibu wetu, majina matatu ya mwanachama yaliyokuwa yanatosha mstari mmoja ndani ya safu yake sasa yanavunjika kuwa mistari miwili, jedwali linarefuka kila yanapovunjika, na jumla inasukumwa hadi ukurasa unaofuata. Dawa yake ipo. Fonti iitwayo Carlito ilitengenezwa ili kila herufi iwe na upana uleule wa herufi ya Calibri, na Liberation Serif vilevile hufuata upana wa Times New Roman. Zote mbili ni za bure, na mwenye steshenari anayehudumia watu wa kila aina angefanya vyema kuziweka kwenye kompyuta zake zote. Katika LibreOffice, bofya ndani ya maandishi na utazame kisanduku cha jina la fonti: jina likiwa limeandikwa kwa herufi za mlazo, fonti hiyo haipo kwenye kompyuta na unachokiona ni mbadala. Mwandishi naye anaweza kuifungasha fonti ndani ya faili kabla ya kulituma. Katika Word mpangilio huo uko kwenye chaguo za kuhifadhi, na katika LibreOffice uko kwenye sifa za waraka, mradi leseni ya fonti inaruhusu.

Anwani iliyogeuka ngazi ina chanzo kingine, nacho kinatokana na namna tunavyoandika barua rasmi. Anwani hukaa juu kulia, na wengi wetu huisogeza kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara nyingi mpaka jina la chama, sanduku la posta na tarehe vionekane vimeanzia sehemu moja. Kila nafasi ina upana unaotegemea fonti, kwa hiyo fonti ikibadilika, mistari ambayo haikuwa na idadi sawa ya nafasi huachana. Anayepanga anwani kwa kujongeza aya nzima, au kwa kuiweka ndani ya jedwali lisilo na mipaka inayoonekana, huwa ametoa agizo ambalo programu yoyote italielewa. Vivyo hivyo, anayetaka kuanza ukurasa mpya aweke kikomo cha ukurasa badala ya kubonyeza kitufe cha kurudi mstari mpaka ukurasa uishe.

Ukubwa wa karatasi nao uangaliwe. Sisi hutumia A4, yenye milimita 210 kwa 297, lakini programu iliyowekwa kwa mipangilio ya Marekani huanza na karatasi ya Letter, ambayo ni pana kidogo na fupi kwa takriban milimita 18.

Fonti na karatasi vikiwa sawa na bado waraka umeharibika, hapo ndipo tunapolitazama umbizo lenyewe, yaani namna faili lilivyopangwa na kuhifadhiwa. Word ya zamani ilihifadhi faili la doc, ambalo ni la namba tupu zisizosomeka kwa macho. Docx ilikuja na Office 2007 na ikapitishwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2008. Odt ya LibreOffice ni sehemu ya familia ya maumbizo iliyopata hadhi hiyo mapema zaidi, mwaka 2006. Kila umbizo lilikua likifuata uwezo wa programu yake, na ndiyo maana mambo fulani, kama masanduku ya maandishi yanayoelea, michoro ya SmartArt na fomu za kujaza, hayana mwenzake kamili upande wa pili. Programu inapobadilisha faili hukisia kilicho karibu zaidi au hukiacha kabisa, na faili linalokwenda na kurudi kati ya docx na odt hupoteza kidogo katika kila safari. Kwa hiyo watu wanaohariri waraka mmoja wakubaliane umbizo moja tangu siku ya kwanza.

Kubadilisha herufi za mwisho za jina la faili hakubadilishi umbizo. Faili likigoma kufunguka, lifungue kwa programu ya maandishi tupu kama Notepad na usome mwanzo wake tu, kisha ulifunge bila kuhifadhi. Herufi PK zinaonyesha kwamba ni docx, odt au aina nyingine ya zip, nazo ni kifupi cha Phil Katz, aliyebuni umbizo la zip. Ukikuta %PDF, ni PDF, na ukikuta {\rtf, ni RTF, umbizo jingine la nyaraka. Faili linaweza kuanza vizuri kwa PK na bado likakataa. Hili huwapata sana wanaochomoa flashi kabla uandishi haujaisha au wanaopakua kiambatisho huku mtandao ukikatika, kwa sababu orodha ya vilivyomo ndani ya zip huandikwa mwishoni mwa faili, na faili lililokatwa njiani huwa limeipoteza orodha hiyo. Linganisha ukubwa wake na wa faili la asili, kisha linakili upya. Nakala nzima isipopatikana, Word ina chaguo la kufungua na kukarabati, ambalo mara nyingine huokoa angalau maneno.

Kuna pia hitilafu inayolipata neno lenye ng'. Mkazi wa kata ya Ng'ambo, hapohapo Tabora, anaweza kukuta jina la kata yake limekuwa Ngâ€™ambo baada ya waraka kuhifadhiwa kama maandishi tupu na kufunguliwa kwingine. Word hugeuza alama ile ya ng' iliyonyooka kuwa iliyopinda, na alama iliyopinda, katika usimbaji (yaani utaratibu wa kuandika herufi kwa namba za kompyuta) uitwao UTF-8, huhifadhiwa kwa baiti tatu. Programu inayodhani faili limeandikwa kwa usimbaji wa zamani wa Windows huzisoma baiti hizo kama alama tatu tofauti. Faili lenyewe halijaharibika: lifunge bila kuhifadhi, ulifungue tena, na unapoulizwa usimbaji chagua UTF-8.

Kwa uchapaji pekee, katibu wetu angehifadhi taarifa yake kama PDF nyumbani na kubeba hiyo steshenari, kwa kuwa PDF hushikilia mahali pa kila herufi na kwa kawaida hubeba fonti zake. Uimara huohuo ndio unaoifanya PDF iwe ngumu kurudishwa kuwa waraka wa kuhaririwa: mara nyingi ndani yake hamna aya wala jedwali, bali herufi na mistari iliyowekwa mahali fulani, na programu inayoigeuza kuwa docx hukisia aya inaanzia wapi. Ikiwa PDF ilitokana na karatasi iliyoskaniwa, hamna hata herufi, ni picha tupu inayohitaji programu ya kutambua maandishi. Kwa hiyo flashi ya katibu ibebe mafaili mawili, PDF ya kuchapa na docx ya kusahihisha, ili kilo za mwanachama mmoja zikigunduliwa kuwa na kosa pale mezani, zirekebishwe kwenye docx, mstari wa jumla na nafasi ya sahihi vikaguliwe, na PDF mpya itolewe kabla ya kuchapa.