The Servant: nani hasa alimpindua nani?

Kila ninapozungumza na wapenda sinema kuhusu The Servant, filamu ya Uingereza ya 1963, husikia lilelile: ni hadithi ya mnyonge aliyempindua tajiri. Naipenda mno filamu hii, ndiyo maana kauli hiyo hunikera.

Kwanza, Tony, yaani huyo tajiri, hapinduliwi. Barrett, mtumishi anayekuja kuomba kazi, anamkuta bwana mtarajiwa amelala kitini mchana kweupe, katika nyumba tupu ya Chelsea, London. Huyu ni mtu aliyekwisha kuanguka kabla hajaguswa. Anajigamba kwamba atajenga miji katika misitu ya Brazili, huku chakula, rangi za kuta na hata kinywaji cha jioni vyote vinapangwa na Barrett. Tabaka lake lilimlea asijue kufanya lolote, na hapo ndipo Barrett alipopata upenyo.

Wanaomwita Barrett shetani mtupu nao wamtazame Susan, mchumba wa Tony. Anamwuliza mtumishi kama hujipaka dawa ya kuzuia harufu ya mwili, kisha kama anadhani anaendana na rangi za nyumba. Mtu anapimwa kama pazia! Uovu wa Barrett upo, kwani alimleta mpenzi wake Vera akidai ni dada yake, lakini ndani ya nyumba ile dharau ilitangulia.

Halafu kuna mchezo wa mpira kwenye ngazi. Bwana na mtumishi wanarushiana mpira, na Barrett analalamika kwamba yeye yuko chini, anarusha kwenda juu. Wakati huo amri za nyumba zimeshakuwa zake, ila bado anahesabu nani yuko ngazi ipi. Wanapogombana anafoka kwamba yeye ni mtumishi wa muungwana, na Tony si muungwana. Sikilizeni hasira hiyo: anadai apewe muungwana wa kweli wa kumtumikia. Mapinduzi gani hayo?

Wengine huihusisha filamu na kashfa ya kimapenzi ya Profumo, waziri wa Uingereza aliyejiuzulu Juni 1963. Tarehe zinakataa. Kitabu cha Robin Maugham, ambacho filamu ilitokana nacho, kilitoka 1948, na filamu ilipigwa katika baridi kali ya mwanzoni mwa 1963. Mwongozaji Joseph Losey naye hakuwa Mwingereza, bali Mmarekani aliyefungiwa milango ya Hollywood kwa siasa zake za mrengo wa kushoto. Muswada wa filamu uliandikwa na Harold Pinter.

Mwisho wa filamu Barrett anafunga mlango wa mbele, anapanda ngazi na kumpita Tony aliyejilegeza kando ya nguzo za ngazi, amelewa. Barrett hatoki kwenda kuishi maisha yake. Amejifungia ndani ya nyumba ileile.