Tarehe ya Kutaja Timu ni Sehemu ya Mazoezi

Msimu wa mashindano makubwa unapokaribia, sisi tunaofundisha sayansi ya michezo hupigiwa simu na wazazi, walimu wa riadha na wanariadha wenyewe. Swali huwa lile lile: "Mwalimu, mbona mwenzangu kaitwa na mimi muda wangu ni bora kuliko wake?" Wakati mwingine ni kweli ameonewa. Mara nyingi zaidi hali ni mbaya kuliko hiyo: hakuna anayeweza kujua kama ameonewa au la, kwa sababu vigezo vilivyotumika havikuandikwa popote.

Tumezoea kuona uteuzi na maandalizi kama kazi mbili zinazofuatana. Kamati ichague kwanza, kisha kocha aandae. Mwili wa mkimbiaji hauendi hivyo. Mkimbiaji wa marathoni huhitaji miezi mitatu hadi minne kujijenga kwa ajili ya mbio moja: wiki nyingi za kilomita ndefu, kisha wiki za kasi, kisha wiki mbili au tatu za mwisho za kupunguza mazoezi ili misuli ipone na nguvu irudi. Ratiba hiyo hupangwa kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku ya mashindano. Sasa mchukue kijana ambaye hajui timu itatajwa lini wala kwa kigezo gani. Atakimbia kila mbio inayotangazwa, Moshi wiki hii, Dar es Salaam wiki ijayo, ili tu aonekane. Jina lake likija kutajwa, mwili umeshachoka. Ndiyo maana nasema tarehe ya kutaja timu ni sehemu ya mazoezi, sawa kabisa na kilomita anazokimbia asubuhi.

Ieleweke kwanza kwamba kufuzu na kuteuliwa ni vitu viwili. Shirikisho la riadha la dunia huweka muda wa kufuzu na orodha ya viwango vya dunia. Kwa Olimpiki ya Paris 2024, muda wa kufuzu marathoni ulikuwa saa 2:08:10 kwa wanaume na 2:26:50 kwa wanawake. Kwa mita 1500 wanaume ulikuwa dakika 3:33.50, na hapa niseme jambo ambalo wanafunzi wangu huwa hawaliamini mpaka waoneshwe: Filbert Bayi wa Tanzania alikimbia 3:32.16 pale Christchurch, New Zealand, mwaka 1974. Angefuzu kwenda Paris kwa muda aliouweka miaka hamsini kabla. Kuvuka muda huo, hata hivyo, kunakufanya ustahili kufikiriwa tu. Nchi haiwezi kupeleka zaidi ya watu watatu katika mbio moja ya mtu binafsi, na anayepeleka majina ya Olimpiki ni kamati ya Olimpiki ya nchi, kwa mapendekezo ya chama cha mchezo husika. Kwa nchi isiyo na mtu aliyefuzu katika riadha kuna nafasi chache za upendeleo. Hizo nazo zinahitaji kigezo kilichoandikwa, pengine kuliko zote, maana hapo hakuna muda wa kufuzu wa kumkinga mtu dhidi ya kujuana.

Ugumu wa kweli huja pale wanaofuzu wanapozidi nafasi. Sijui mfano unaofundisha kuliko Kenya kabla ya Olimpiki ya London 2012. Kwenye orodha ya awali ya marathoni ya wanaume kulikuwa na Patrick Makau, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya 2:03:38 Berlin mwaka 2011, na Geoffrey Mutai, aliyekimbia Boston mwaka huo huo kwa 2:03:02, muda ambao haukuhesabiwa rekodi kwa sababu ya umbo la njia ya Boston. Walikuwapo pia Wilson Kipsang, Abel Kirui, Emmanuel Mutai na Moses Mosop. Watu sita, nafasi tatu. Mchujo wa kawaida, yaani mbio moja ya kuchagua timu, haukuwezekana, maana kila mmoja alikuwa na mbio zake za Aprili, na mwili hauwezi kukimbia marathoni mbili za nguvu ndani ya wiki chache. Basi mbio za Aprili zikawa mtihani. Makau hakumaliza marathoni ya London. Geoffrey Mutai alishindwa na joto la Boston, naye hakumaliza. Kipsang alishinda London kwa 2:04:44. Timu ikatajwa: Kipsang, Kirui na Emmanuel Mutai.

Malalamiko yalikuwa mengi, na nayaelewa. Kuwaacha nyumbani mwenye rekodi ya dunia na aliyekimbia kasi zaidi ya wote ni uamuzi mzito. Mwezi Agosti, kwenye Olimpiki yenyewe, Kirui alipata fedha, Kipsang shaba, Emmanuel Mutai akamaliza wa 17, na dhahabu ikachukuliwa na jirani, Stephen Kiprotich wa Uganda, kwa saa 2:08:01. Wapo wanaosema kamati ilikosea kwa sababu dhahabu haikuja. Sikubaliani nao. Uteuzi hupimwa kwa kilichojulikana siku ya kuteua, haupimwi kwa medali. Swali la kuuliza ni kama wale sita waliambiwa mapema, kwa maandishi, kwamba mbio za Aprili ndizo zitakazoamua, na kwamba hali ya hewa ya siku hiyo itahesabiwa au haitahesabiwa. Aliyeambiwa akashindwa atalia, ila atajua amelilia nini.

Marekani wameikimbia kabisa shida hii ya hukumu za watu. Kwa riadha, watatu wa kwanza kwenye mchujo ndio timu, mradi wawe wamefuzu. Haijalishi wewe ni nani. Mwaka 1992 Dan O'Brien, bingwa wa dunia wa michezo kumi, alikuwa anaongoza mchujo kwa alama nyingi. Kwenye kuruka kwa upondo akakosa mara zote tatu urefu aliouanzia, akapata sifuri, na Olimpiki ya Barcelona hakushindana. Septemba ya mwaka huo huo akavunja rekodi ya dunia. Mfumo ule ulimnyima, lakini hakuna aliyeweza kusema alionewa, na mwaka 1996 Atlanta alichukua dhahabu yake.

Kwa nchi yenye wanariadha wachache wa kiwango cha juu, mfumo mkali namna hiyo ni ghali mno. Mtu mmoja akiugua malaria wiki ya mchujo, taifa linapoteza nafasi yake pekee ya medali. Mimi napendelea mchanganyiko: nafasi mbili za kwanza zitoke uwanjani moja kwa moja, na ya tatu ipangwe na kamati kwa kigezo kilichotangazwa angalau miezi sita kabla, kikieleza nini kinatazamwa, iwe muda bora wa miezi kumi na miwili, matokeo dhidi ya wapinzani wa kimataifa, au ripoti ya daktari. Kocha mwenye mwanafunzi kwenye kinyang'anyiro atoke chumbani wakati wa kujadili jina hilo, na jambo hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Aliyeachwa apewe barua yenye sababu, siyo simu ya pole, na siku za kukata rufaa zibaki kabla majina hayajafungwa. Wakati wa Olimpiki yenyewe, tangu Atlanta 1996, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo huweka kitengo kinachoamua mashauri kwa kawaida ndani ya saa 24. Kufika huko ni dalili kwamba nyumbani mambo hayakwenda sawa.

Kuna uonevu mwingine usiofanywa na kamati ya uteuzi, nao huniuma zaidi kwa sababu ni wa uzembe tu. Kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, wanariadha kumi wa Nigeria walizuiwa kushindana. Hawakukutwa na dawa zozote. Nchi yao ilikuwa kwenye kundi la uangalizi mkali, ambalo sheria yake inataka kila mwanariadha awe amepimwa angalau mara tatu kwa kushtukizwa, nje ya mashindano, katika miezi kumi kabla ya tukio. Wajibu wa kuhakikisha vipimo hivyo vinafanyika ulikuwa wa chama, na vipimo havikutimia. Mmoja wa wale kumi alikuwa Favour Ofili. Miaka mitatu baadaye, akiwa amefuzu mita 100 za Paris, akakuta jina lake halimo kwenye orodha ya mbio hiyo. Alikimbia mita 200 akafika fainali. Miguu yake haikuwa na tatizo. Karatasi ndizo zilizokuwa na tatizo.

Nasi wa Afrika Mashariki tuna hesabu zetu. Julius Yego, bingwa wa dunia wa mkuki mwaka 2015, alifika uwanja wa ndege kwenda Olimpiki ya Rio 2016 akakuta hana tiketi. Ferdinand Omanyala alichelewa kupata viza ya Marekani mwaka 2022, akatua Eugene kwenye mashindano ya dunia saa chache tu kabla ya kukimbia raundi yake ya kwanza ya mita 100. Yego alirudi na fedha, na Omanyala akafika nusu fainali, na hapo ndipo hatari ilipo: tunasimulia habari hizi kama ushujaa, tukasahau kwamba kuna mtu ofisini aliyepaswa kuzizuia. Hayo ndiyo maandalizi ya zimamoto.

Maandalizi yenyewe yana hesabu zinazojulikana. Mwili huhitaji takribani siku 10 hadi 14 kuzoea joto kali, kuanza kutoa jasho mapema na kulinda damu isipungue maji. Mwaka 2019 marathoni ya wanawake ya Doha ilianzishwa usiku wa manane kukwepa joto, na bado kati ya wanawake 68 walioanza, 28 hawakumaliza. Tanzania ina bahati ambayo sioni tukiitumia ipasavyo: nyanda za juu za Mbulu na Arusha kwa ajili ya kujenga damu na pumzi, na pwani ya Tanga na Dar es Salaam yenye joto na unyevunyevu wa bure. Kambi ya wiki mbili pwani kabla ya safari ya nchi ya joto haihitaji mfadhili wa nje. Inahitaji timu iwe imeshatajwa. Saa za nchi ngeni nazo huhesabiwa, takribani siku moja ya kuzoea kwa kila saa ya tofauti, hivyo Tokyo, tunayoachana nayo kwa saa sita, inadai karibu wiki nzima.

Kwa wasichana niongeze neno. Upungufu wa madini ya chuma huwapata wakimbiaji wengi wa kike, na dalili yake ni uchovu ambao kocha asiye mwangalifu huuita uvivu. Kipimo cha damu mwanzoni mwa kambi hugharimu kidogo kuliko posho ya siku moja ya kiongozi msafarani. Na kwenye msafara huo, kabla ya kuongeza kiongozi mwingine, ulizeni kama kocha anayemfundisha mwanariadha kila siku yumo. Kumkabidhi mtu kwa kocha mgeni wiki moja kabla ya mbio ni kumwandaa upya wakati maandalizi yamekwisha.

Mwaka 2025 huko Tokyo, Alphonce Simbu alimaliza kilomita 42 na ushei kwa 2:09:48, muda ule ule na Amanal Petros wa Ujerumani, akamzidi kwa sekunde 0.03 na kuipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha. Kwa pengo la namna hiyo, usiku mmoja wa usingizi mbaya, au siku mbili za kuhangaikia viza, zinatosha kubadilisha rangi ya medali.

Kwako mwanariadha unayesoma: usingoje chama kikutunzie kumbukumbu. Uwe na faili lako. Weka matokeo rasmi ya kila mbio yakiwa na tarehe na jina la mashindano, nakala ya vigezo vya uteuzi, karatasi ya kila kipimo ulichofanyiwa, na barua ya daktari kwa dawa yoyote unayotumia, hata ya mafua, maana baadhi zimo kwenye orodha ya marufuku na zinahitaji kibali kabla ya kuzimeza. Vigezo vikiwa havijatangazwa miezi sita kabla, andika barua ukiviomba, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kisha fungua pasipoti yako leo uangalie tarehe ya mwisho. Nchi nyingi hutaka iwe na uhai wa miezi sita zaidi.