Saksafoni ile si ya Bowie

Wengi wamesadiki kwa miaka mingi kuwa saksafoni inayofunga wimbo wa mwanamuziki wa roki wa Marekani, Lou Reed, wa 1972, "Walk on the Wild Side", ilipulizwa na mwimbaji Mwingereza David Bowie. Si ajabu. Bowie ndiye aliyekuwa prodyuza wa wimbo huo jijini London, akishirikiana na mpiga gitaa wake Mick Ronson, na saksafoni aliijua.

Aliyepuliza ni Ronnie Ross, mwanajazi Mwingereza aliyezaliwa Kolkata, India, mwaka 1933. Tega sikio pale waitikiaji wanapomaliza. Sauti inayoingia ni nene, yenye pumzi ndani yake, inazunguka bila haraka mpaka wimbo unafifia. Hiyo ni baritoni, saksafoni kubwa na nzito, chombo ambacho Ross alikimudu kuliko wengi barani Ulaya. Bowie alianzia kwenye alto, ndogo na ya sauti ya juu zaidi. Yake ya kwanza ilikuwa ya plastiki nyeupe.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba Ross alikuwa mwalimu wa Bowie. Bowie, akiwa bado mtoto wa shule, alisaka namba yake kwenye kitabu cha simu, akampigia kuomba afundishwe, akakubaliwa. Takriban miaka kumi baadaye, mwanafunzi ndiye aliyemwita mwalimu studio.

Ross alikwisha kupiga katika bendi ya jazi ya Mmarekani Woody Herman mwaka 1959, na baritoni yake imo pia katika "Savoy Truffle" ya Beatles, ya 1968. Alifariki mwaka 1991.