MCA wa kaskazini: ni mheshimiwa yupi huyo?

Ukikaa kwenye hoteli za Eastleigh, Nairobi, karibu na yanakopakia mabasi ya Moyale, neno moja utalisikia hadi likuchoshe: mheshimiwa. Mheshimiwa aliingia jana usiku. Mheshimiwa hashiki simu. Siku moja nilimuuliza mzee tuliyekuwa tumeketi naye meza moja, aliyetoka North Horr, kule Marsabit kaskazini mwa Kenya, kumleta mjukuu hospitalini, "Mzee, mnamngoja mbunge?" Akacheka. "Mbunge ana watu wengi wa kumngoja, mwanangu. Mimi namtafuta wa wadi."

Huyo wa wadi ndiye mjumbe wa bunge la kaunti. Magazeti humwita mwakilishi wadi, na mtaani ni MCA tu. Watu wa umri wangu bado huteleza wakamwita diwani, na hapo ndipo maana huanza kupotea. Diwani wa zamani aliketi kwenye baraza lililokuwa chini ya Waziri wa Serikali za Mitaa. Nairobi ikikasirika, baraza lilivunjwa. MCA anaketi katika bunge lililoundwa na Katiba ya 2010, na Ibara ya 185 inalipa bunge hilo mamlaka ya kutunga sheria za kaunti. Hupitisha bajeti, huwapiga msasa mawaziri wa kaunti, na likitaka laweza kupiga kura ya kumwondoa gavana, ingawa kesi husikizwa na Seneti. Wajir ilifanya hivyo mwaka 2021 na Seneti ikakubali, kisha mwaka uliofuata mahakama ikamrudisha gavana kazini.

Kwenye karatasi, basi, MCA wa Dukana kule Marsabit na MCA wa Kilimani hapa Nairobi wana kazi moja. Tofauti inaanza ukitoka nje ya karatasi.

Kenya ina wadi 1,450. Nairobi ina 85, Marsabit ina 20. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 4,397,073 Nairobi na 459,785 Marsabit. Gawanya mwenyewe: MCA wa Nairobi ana watu kama 52,000, mwenzake wa Marsabit ana kama 23,000. Ukiishia hapo utasema wa Marsabit amepata mteremko. Sasa gawanya ardhi. Nairobi nzima, kuanzia Karen hadi Ruai, ni takriban kilomita mraba 700, kwa hiyo wadi ya kawaida hapa ni kilomita mraba nane na kidogo. Ukivaa viatu vizuri utaizunguka kabla ya chakula cha mchana. Wadi ya wastani Marsabit inakaribia kilomita mraba 3,400. Wadi moja, si kaunti, ni kama Nairobi tano zikipangwa pamoja.

Katiba yenyewe iliona jambo hili. Ibara ya 89 inaruhusu idadi ya watu katika wadi au eneobunge kupanda au kushuka kutoka kwa wastani wa nchi kwa hadi asilimia 40 mijini na kwenye maeneo yenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Pamoja na idadi ya watu, wanaochora mipaka hutakiwa kutazama jiografia, historia na njia za mawasiliano. Kwa hiyo zile kelele za "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja", yaani viti na fedha vigawanywe kwa idadi ya watu, zilizopamba moto mwaka 2024 ziligonga pia mlango wa MCA wa kaskazini. Mimi naziona kelele za watu ambao wapiga kura wao hawahami. Mfugaji wa Kigabra akifuata malisho, wadi yake inahama naye kichwani, lakini kituo cha kupigia kura kinabaki palepale, na mvua haisomi kalenda ya tume ya uchaguzi.

Halafu kuna historia. Enzi za mkoloni kaskazini iliitwa NFD, yaani Northern Frontier District, na hukuingia wala kutoka bila kibali. Uhuru ulipokuja, sera ya serikali ya mwaka 1965, ile Sessional Paper nambari 10, ilisema fedha zipelekwe kwanza penye uwezo wa kuzalisha haraka: ardhi nzuri, mvua nzuri. Unajua hizo ni sehemu zipi. Ndiyo maana mpaka leo utamsikia mtu wa huko akipanda basi la kuja Nairobi akisema anakwenda Kenya.

Matokeo yake ni kwamba kwa familia nyingi MCA ndiye serikali ya kwanza iliyowahi kufika ikiwa na jina la mtoto wao na lugha ya nyumbani. Na kwa kuwa ndiye aliyefika, anaombwa kila kitu. Pampu ya kisima imeharibika: MCA. Mama mjamzito anahitaji gari la kumfikisha Marsabit mjini: MCA. Karo, harusi, mazishi, kijana aliyekamatwa na polisi: MCA. Baadhi ya hayo yanamhusu kweli, maana maji, zahanati, chekechea, barabara za kaunti na huduma za mifugo vimo katika majukumu ya kaunti kwenye Jedwali la Nne la Katiba. Lakini polisi si wake. Shule za msingi na za upili si zake. NG-CDF, ile hazina ya maendeleo, ni ya eneobunge. Hata ile Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa iliyotengewa maeneo yaliyosahaulika kwa miaka 20, haipiti mkononi mwake. Na hata kwenye maji, kazi yake kisheria ni kuhakikisha pampu imo kwenye bajeti kisha kumbana waziri wa kaunti aeleze mbona haijanunuliwa. Kuinunua yeye mwenyewe hakumo. Anayetoa mfukoni hushangiliwa, na mara nyingi ndiye asiyeuliza maswali kikaoni.

Kiti hiki hupatikanaje? Kwa kura, kila miaka mitano, kama kwingine. Ila kaskazini kura mara nyingi hutanguliwa na kikao cha wazee. Koo hukaa, zikagawana: nyinyi chukueni ugavana, hawa wapewe useneta, wadi ile safari hii iende kwa ukoo huu. Marsabit ilishuhudia mapatano makubwa ya aina hiyo mwaka 2013, ReGaBu, yaani Rendille, Gabra na Burji, na yalitwaa ugavana. Wanaoyatetea husema yanazuia damu. Wanaoyapinga, wengi wao vijana na wanawake, huuliza ni nani aliyewaita kwenye kikao. Viti maalum chini ya Ibara ya 177 vipo kuhakikisha jinsia moja haizidi thuluthi mbili za bunge, na huko ndiko wanawake wengi huingilia. Mama aliyeteuliwa hivyo hana wadi, lakini ana kura bungeni sawa na mwenye wadi; wanaomwita "wa kuokotwa" wasome Katiba.

Jambo hili la maafikiano lina ndugu yake mbali sana. Nunavut, kaskazini mwa Canada, ina bunge la wajumbe 22 kwa eneo la kilomita mraba takriban milioni mbili, na vijiji vyake havijaunganishwa kwa barabara; mjumbe hupanda ndege kwenda bungeni Iqaluit. Hawana vyama. Wajumbe wakishachaguliwa hukaa na kumchagua waziri mkuu kutoka miongoni mwao. Kwao maafikiano huja baada ya kura, kwetu huja kabla, na hapo mpiga kura wa Nunavut ametuzidi.

Kiti chenyewe si kidogo kama kinavyochukuliwa. Abdi Guyo, aliyechaguliwa gavana wa Isiolo mwaka 2022, alianzia kwenye bunge la kaunti, tena hapa Nairobi, akiwakilisha wadi ya Matopeni huko Embakasi.

Ibara ya 196 inataka bunge la kaunti lifanye vikao vyake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Mtu wa Kilimani akitaka kumwona MCA wake akizungumza, hupanda matatu hadi City Hall akarudi kazini mchana. Mtu wa Illeret, kule Ziwa Turkana karibu na mpaka wa Ethiopia, akitaka kumsikiliza wake aanze safari ya kuvuka Chalbi, jangwa lote, ndipo afike Marsabit mjini. Nilipomuuliza yule mzee kwa nini basi anamtafuta MCA wa kwao North Horr huku Eastleigh, alinitazama kama mtoto asiyeelewa. "Ameitwa semina hotelini Nairobi," akasema. "Hapa ni karibu zaidi."