Mkenya Mmoja, Mmarekani Mmoja: Nani Hutoa Hewa Ukaa Zaidi?

Tukizungumza juu ya tabianchi kwenye mabaraza ya Lamu, hakukosekani mzee wa kuuliza: "Wenye viwanda ni China na Marekani. Sisi wa punda na madau tuna kosa gani?" Swali hili lastahili kujibiwa kwa hesabu.

China hutoa zaidi ya tani bilioni 11 za hewa ukaa kwa mwaka, kutokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi. Marekani hutoa karibu bilioni 5. Lakini sinia ya wali haipimwi kwa ukubwa wake tu. Huangaliwa pia imezungukwa na watu wangapi. China ina watu bilioni 1.4, hivyo kila mmoja huangukiwa na tani 8 hivi. Mmarekani ana tani 14, Mhindi 2. Qatar, nchi ndogo yenye gesi nyingi, hupita 35. Mkenya hafikishi hata nusu tani. Yaani Mmarekani mmoja ni sawa na Wakenya wapatao 30!

Sehemu ya uchache huu ni ya kujivunia: umeme wetu mwingi hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana na upepo wa Turkana. Sehemu nyingine ni umaskini, na huo sitausifu. Mama anayepikia kuni kwa kukosa gesi hajachagua kuokoa dunia.

Tena hesabu hii ina mapengo. Televisheni iliyotengenezwa China ikauzwa Lamu, moshi wake huandikiwa China. Na methani, gesi nyingine inayopasha dunia joto, ambayo mifugo huitoa tumboni, haimo. Ikiingizwa, fungu la Mkenya hupanda sana, kwa kuwa ng'ombe na mbuzi wetu ni wengi.

Sasa tuje Kwasasi, hapa hapa Lamu, palipokusudiwa kujengwa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Mtambo wa namna hiyo hutoa takriban kilo 900 za hewa ukaa kwa kila megawati moja inayozalishwa kwa saa moja. Ukifanya kazi usiku na mchana mwaka mzima, hizo ni zaidi ya tani milioni 8. Zigawe kwa Wakenya wote: kila mmoja, hata mtoto mchanga wa Turkana, angeongezewa kilo 150 hivi, karibu theluthi ya fungu lake la sasa, kwa bomba moja tu la moshi. Mahakama ya mazingira ilifuta leseni ya mradi huo Juni 2019. Mimi nasema ilifanya vyema.

Yule mzee huwa na swali la pili: na mikoko je? Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko kaunti hii, na kaboni yake nyingi imelala kwenye tope chini ya mizizi, imejikusanya karne kwa karne. Ikifyekwa na tope likachimbuliwa, kaboni hiyo hugeuka hewa ukaa na kupanda hewani, na mwenye kuandikiwa ni sisi.