Simu mpya kwenye kompyuta ya Windows 7: tatizo huwa wapi

Wenye stashenari wengi hunipigia kwa shida ileile. Kompyuta ya dukani ni ya Windows 7, inafanya kazi na printa haina neno. Anaingia mteja na iPhone aliyoisasisha jana, anataka picha ya pasipoti hapohapo. Simu inachaji, ila kompyuta haioni kitu. Au inaiona, inanakili picha mbili tatu, inagoma. Mwenye duka anaambiwa anunue kompyuta mpya. Ushauri huo siukubali, maana mara nyingi kinachokwamisha ni mpangilio mmoja ndani ya simu.

Waya kwanza. Nyaya nyingi za bei ya chini zinapitisha umeme tu, hazina njia ya data, kwa hiyo dukani weka mmoja ulioujaribu. Simu za Android, tangu toleo la 6 la mwaka 2015, ukizichomeka zinachaji tu mpaka mwenyewe ateremshe arifa na kuchagua kuhamisha faili. iPhone nazo, tangu 2018, skrini ikikaa imefungwa zaidi ya saa moja hukataa kupitisha data kwenye USB. Mwambie mteja aweke namba yake ya siri kwanza, ndipo uchomeke, na akiulizwa kama anaiamini kompyuta hii, akubali. Baada ya kusasisha, swali hilo huweza kurudi hata kama alishalijibu.

Sasa picha zenyewe, maana hapa ndipo kazi nyingi hukwama. Mwaka 2017, iOS 11, yaani mfumo unaoendesha iPhone, ilileta muundo wa picha wa HEIC, ambao hupunguza ukubwa wa picha karibu kwa nusu. Windows 7 haiujui kabisa. Ili kuisaidia kompyuta, iPhone huwa inageuza kila picha kuwa JPEG, muundo wa kawaida wa picha, wakati uleule wa kuinakili, na ugeuzaji huo ukisuasua, kompyuta inatoa ujumbe kwamba kifaa kilichounganishwa hakifanyi kazi. Watu hudhani simu imekufa. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya picha, shuka mpaka chini kabisa panaposema kuhamishia Mac au PC, chagua zibaki kama zilivyo. Zitapita bila kukwama, lakini zitafika zikiwa HEIC, na itabidi uwe na programu ya kuzigeuza kwenye kompyuta. Kama unataka picha mbili tatu tu, acha mpangilio huo ulivyokuwa na uzinakili moja moja. Zitafika zikiwa JPEG.

Simu ikiwa ni yako mwenyewe, kuna njia iliyo bora zaidi: kwenye mipangilio ya kamera, upande wa miundo, chagua ule unaokubalika kwingi. Kuanzia hapo kamera itapiga JPEG moja kwa moja. Picha za zamani hazibadiliki, na mpya zitakula nafasi zaidi.

Kuhusu iTunes, programu ya Apple ya kuunganisha iPhone na kompyuta, usisumbuke kutafuta toleo jipya. Windows 7 iliishia kwenye toleo la 12.10, na iPhone mpya inaweza kuikataa. Ila kunakili picha hakuhitaji iTunes: Windows huiona iPhone kama kamera, unafungua folda ya DCIM unachukua unachotaka.

Waya ukishindikana kabisa, tumia flashi. Tangu iOS 13 ya mwaka 2019, iPhone inasoma flashi, na kuanzia iPhone 15 unachomeka ya USB-C bila adapta. Ifomati kwa exFAT, mfumo wa kupanga faili kwenye flashi, kwa sababu mfumo wa zamani wa FAT32 haupokei faili moja la kuanzia GB 4, na video ndefu ya harusi inafika huko upesi. Windows 7 inaisoma exFAT bila kuongezewa kitu.

Jambo moja nalisisitiza kwa kila mwenye duka: Microsoft iliacha kuilinda Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Kompyuta hiyo ibaki ya kuchapa na kunakili. Barua pepe za wateja na huduma za benki zifungulie kwenye simu yako, na flashi ya mtu ikague virusi kabla hujagusa faili lolote.